Mawe Yangu Hayavunjwi

Mimi sikukataa jiko. Tuelewane hapo kwanza, maana kijiji kizima cha Boito kinasema Mama Kipkorir amekataa maendeleo. Moshi umenikohoza miaka ishirini. Nani angependa jiko la kuokoa kuni kuliko mimi?

Nelvine, msichana wa mradi wa majiko, alikuja na fomu ya kupima hewa chafu inayotoka kwa kila nyumba. Akahesabu mizigo yangu ya kuni, akahesabu ng'ombe, hata taa. Halafu akasema jiko ni la bure, sharti moja tu: mawe matatu ya jikoni yavunjwe, apige picha.

Ala! Nikamwambia ugali, chai na maharagwe nitapika kwa jiko lake. Lakini mara moja kwa wiki lazima nichome gogo la mti wa senetwet, nisugue ndani ya kibuyu kwa mkaa wake. Bila huo mkaa hakuna mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, na maziwa ya mgeni ni hayo. Mlango wa jiko lake unaingiza vijiti vya unene wa kidole tu.

"Fomu ina ndiyo na hapana, mama," akasema.

Mume wangu Weldon, ameketi juu ya pikipiki yake, akadakia, "Vunja tu, tufanane na wengine."

Hapo nikawaka. "Wewe unayepeleka majani ya chai kwa pikipiki, na kituo cha kuyapimia kiko hapo tu, hata ukipiga chafya wanasikia! Nelvine, pikipiki umeandika?"

Akapekua karatasi zake. Hapakuwa na mahali pa pikipiki.

"Basi andika hapana. Na uniondokee."

Jiko likaenda kwa jirani. Niliumia, sitadanganya, na usiku huo nilikohoa mpaka nikalia. Asubuhi nikachimba udongo mwekundu, nikajijengea jiko langu kando ya mawe. Kuni zikapungua nusu. Ufunguo wa pikipiki nikauficha ndani ya unga, na Weldon akabeba kikapu mgongoni akinung'unika kama ng'ombe aliyenyimwa chumvi.

Wiki ya tatu Nelvine akabisha hodi, macho chini. Dada yake angeposwa Jumamosi, na wageni walikuwa wanakuja. Shangazi zake wote wa Kericho mjini wanapika kwa gesi, na hakuna aliyekuwa na mursik.

"Mama, nisaidie vibuyu viwili tu. Tutaaibika."

"Unajua imetoka kwa mawe gani?"

"Najua, mama."

"Fomu yangu iko wapi?"

"Iko kwa begi."

"Itoe. Andika: mawe, mara moja kwa wiki. Chini yake andika pikipiki. Na lile jiko la mradi nilione hapa Jumatatu."

"Lakini mkubwa wangu akiuliza nani ameongeza hiyo mistari?"

Nikamngoja amalize kuandika, nikasoma mwenyewe neno kwa neno, ndipo nikamshushia vibuyu.

"Mwambie ni mimi. Na akitaka kubisha, mlete hapa. Kibuyu cha tatu kinamngoja."