Kanzu za Mapema

Mzee Twahiru hakuwa mtu wa kuulizwa jambo mara mbili, na ukimtajia miwani alikununia siku nzima. Nilifanya naye kazi ya kushona kanzu pale mtaa wa Muhima kwa miaka mingi, mimi Mkristo wa Bukoba, na kila Ramadhani alirudia hesabu yake ileile: walioagiza kabla ya mwezi kufika katikati ni nusu ya wote. Waliobaki watakuja mwishoni wakihema. Kwa hiyo aliwahesabu wa mapema, akajua anunue kitambaa kiasi gani. Sikatai, hesabu hiyo haikuwahi kumwangusha.

Mwaka huu, wa mapema walikuja mara mbili ya kawaida. Mzee akachangamka kama bwana harusi.

"Eustadia, mapema iko mara mbili, na mwisho itakuwa mara mbili."

"Tuwaulize kwanza kwa nini wamewahi, Mzee."

"Oya, hapana! Mteja akileta kazi, humuulizi kwa nini."

Pesa ya kitambaa haikutosha, akauza cherehani. Zilikuwa mbili, na aliyoiuza ni ile niliyokuwa nashonea mimi. Iliniuma sana. Aliahidi kuninunulia nyingine Idi ikipita, lakini mshonaji asiye na cherehani ni mpiga soga tu, na mwanangu anasoma kwa kazi hiyo. Tukabaki kupokezana iliyobaki, yeye mchana, mimi jioni.

Wiki ya mwisho ikaja. Vitambaa vyeupe vilirundikana hadi darini, na mlango ulikuwa wazi kutwa. Mtu akipita tu nje, Mzee alisimama.

"Watakuja," alisema, akakaa tena.

Mkesha wa Idi aliingia Mama Mukandekezi kuchukua kanzu ya mumewe. Miaka yote huyu ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa, wa kutugombeza tukiwa tumechoka. Safari hii alikuwa ameagiza kabla ya wote.

"Wenzako wa dakika ya mwisho wako wapi?" Mzee alimuuliza.

Mama aliniangalia mimi, kisha sakafu.

"Mzee, wale waliowahi ni sisi. Tuliongea huko msikitini, tukasema mwaka huu twende mapema, tusimukimbize Mzee. Macho yako iko inachoka. Kila mtu anaona. Ihangane, pole."

Kola ya ile kanzu ilikuwa imekwenda upande. Mama aliiona, akaikunja haraka, akashukuru, akaondoka.

Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Nilikuwa na haki nayo. Lakini Mzee alichukua sindano, akalamba uzi, akajaribu kuutunga. Ukapita pembeni. Akajaribu tena, ukapita pembeni tena. Kisha akaninyooshea vyote viwili bila kuniangalia.

"Nitungie," alisema.

Nikamtungia. Hapakuwa na kanzu hata moja iliyobaki ya kushona.