Jino Lililohifadhiwa Kisheria

Usiku wa jana niliota nimesimama mbele ya jumba la kale la Kiingereza, huko mashambani kwao, nimevaa msuli na kandambili. Kushoto madirisha, kulia madirisha vilevile. Kila nguzo ina pacha wake. Nilipendezwa, nikacheka.

"Funga mdomo," lilisema jumba. "Hapana, hebu fungua tena."

Nikafungua. Upande wa kushoto nina pengo. Gego liling'oka zamani. La kulia lipo, na ndilo ninalolitegemea, maana leo tunamwoza binti yetu Nasra, na pilau ina nyama ya ng'ombe mzee.

"Kushoto pengo, kulia jino!" jumba linalalamika. "Kwangu pande zote hufanana. Dohani, mng'oeni hilo jino!"

Dohani mbili za kutolea moshi zinashuka kutoka paani, zimeshika koleo.

"Pole, mzee," inasema moja kwa adabu. "Haitauma sana."

Naogopa mpaka msuli unataka kunivuka. Nakimbilia ukumbini, ukumbi umekuwa bustani, na humo namkuta afisa wa majengo ya kale. Ni mwavuli mweusi wenye miwani.

"Shikamoo, Bwana Mwavuli. Wanataka kuning'oa jino!"

"Marahaba. Ni la asili?"

"La asili kabisa. Halijazibwa hata siku moja."

Mwavuli ukachungulia, ukapiga muhuri. "Limehifadhiwa kisheria, pamoja na pengo lake. Halitang'olewa, halitapakwa rangi, wala halitaondoka hapa."

Dohani zikanipa mkono wa hongera, zikarudi juu. Nilifurahi kweli. Kisha nikakumbuka kwamba jino haliendi popote bila mimi, wala mimi bila jino. Harusi je?

Jumba lenyewe, ambalo pengo langu lilizidi kulikera, likaninong'oneza: "Pita dirisha lile la pembeni. Limechorwa tu ukutani ili upande huu ulingane na ule. Si dirisha la kweli, kwa hiyo ukipita hapo, kisheria hujatoka."

Nikapita. Rangi ilikuwa bado mbichi.

Nikaamka. Mke wangu, Mwanahamisi, ameniinamia na tochi.

"Baba Nasra, unakoroma mdomo wazi. Na hilo gego nani kalipiga muhuri?"

Nikaenda kwenye kioo. Alama ndogo ya buluu ipo, na haifutiki.

Pilau nitaila bila wasiwasi. Ila kupiga mswaki, nadhani itabidi kwanza niombe kibali.