Kiganja Kabla ya Rangi

Gari lile mimi sikulipenda hata siku moja, na nalisema wazi mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na moyo wa ajabu. Miaka kumi na tisa lilikaa nyuma ya nyumba yetu hapa Kuhmo, mbali kaskazini mwa Helsinki, Datsun ya mwaka sabini na mbili, halina viti, limeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu mpaka ungeweza kupitisha ngumi sakafuni. Mume wangu Oiva alilinunua kwa mjane mmoja wa Sotkamo kwa sababu gari lake la kwanza, la ujanani, lilikuwa kama hilo hilo, la rangi ya machungwa. Kila kiangazi alikata kipande kibovu akachomelea kizima. Kila kiangazi nilimwambia aliuze kama chuma chakavu tupande viazi pale. Alikuwa anaguna tu na kuendelea.

Oiva alikuwa mpaka rangi wa malori. Alifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, ndani ya chumba cha kupulizia rangi kule Kajaani, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Halafu presha ya macho ikamwanza. Ilianzia pembeni, ukawa unamkuta anajigonga kwenye miimo ya milango, kisha leseni ikachukuliwa. Mwezi wa pili mwaka huu daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba kile kitundu cha kuonea kilichobaki katikati kitafunga kabla ya vuli. Tulirudi na teksi. Tulipofika alikaa mezani na koti lake mwilini, theluji inamdondoka viatuni juu ya zulia langu.

"Tellervo," akasema, "ningependa kuiona Datsun ikiwa na rangi yake. Mara moja tu. Halafu nitanyamaza."

"Utaipakaje na huoni?"

"Utapaka wewe."

Mimi nimefanya kazi jikoni mwa shule maisha yangu yote. Nilichowahi kupaka ni siagi. Lakini mtu uliyeishi naye miaka arobaini akikuomba kitu kwa sauti ile, unajikuta umeshakubali kabla hujafungua mdomo. Mwezi wa tatu theluji ikaangusha paa la banda alimokuwa akifanyia kazi, gari likanusurika kwa bahati, kwa hiyo ikajulikana kwamba tutapaka nje, kati ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, na rundo la kuni.

Rangi yenyewe ilikuwa kopo moja tu, lita tatu, chini ya ngazi za stoo. Sulo, rafiki yake wa kazini, ndiye aliyeichanganya zamani, akilinganisha kwa jicho na kipande cha rangi ya asili kilichojificha nyuma ya dashibodi. Sulo ameshakufa, na hakuacha kipimo chochote alichokiandika. Oiva alikuwa ananikumbusha kila asubuhi, kama vile ningeweza kusahau.

Mwezi wa tano wote nikapiga msasa. Barafu ya ziwani ilipoondoka, tarehe kumi na nne, mikono yangu ilikuwa imeshachubuka. Oiva alikaa kwenye kigoda pembeni, anapitisha kiganja juu ya bodi.

"Hapa bado. Rudia."

"Nimeshapiga hapo mara tatu, bosi."

"Basi piga ya nne, fundi."

Nilimtukana. Jioni mabega yalinikataa hata kuinua sufuria, nikapaka marhamu, na kesho yake nikarudi. Kila nilipotaka kuacha nilihesabu miezi: wa sita, wa saba, wa nane. Kitundu kile kilikuwa kinafunga, nami nashindana nacho na karatasi ya msasa. Wakati wa chakula cha asubuhi nilimwuliza, "Leo unaonaje?" Naye alijibu, "Leo afadhali. Ziwa limetulia." Nikitazama dirishani, kweli, ziwa limetulia. Moyo wangu ulikuwa unapata nguvu hapo, nikaanza kumweleza tutakavyoitazama ikiisha.

Kanuni zake zilikuwa chache na alizirudia kama sala. Mwaga maji ardhini vumbi lisiruke. Futa bodi kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi. Halafu, mwisho kabisa, kabla ya kupuliza, pitisha kiganja kitupu, polepole, toka mwanzo hadi mwisho, kwa sababu kuna vumbi ambalo macho hayalioni. "Ukisahau kiganja, umepoteza kazi," alisema.

Siku ya kupaka ilikuwa tarehe kumi na saba mwezi wa sita, Jumanne, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Nilimwaga maji uani kama nilivyoagizwa. Na maji yale, jua lilipoyapata, yakawaita mbu wote wa wilaya. Huku kwetu mwezi wa sita mbu hawaumi mmoja mmoja, wanakuja kama harusi. Nilikuwa na barakoa, nina kofia, lakini mikono na shingo vilikuwa wazi, na mtu hawezi kushika bunduki ya rangi sawasawa huku anajipiga makofi.

Jirani yetu Kalervo alipita nyuma ya uzio na ndoo yake ya samaki. "Shemeji, unapaka gari au unawalisha mbu?"

"Pita zako, Kalervo."

"Likiisha utanipa lifti?"

"Nitakukanyaga nalo."

Akacheka, akatoa chupa mfukoni akanirushia. "Chukua, ndiyo wanayojipaka wakata miti. Kali hiyo. Hata mumeo hatakusogelea."

"Mimi simwoni vizuri, hainihusu," Oiva akasema kutoka kwenye ngazi ya sauna, tukacheka wote watatu. Nilijipaka dawa ile shingoni, usoni, mikononi, nikaisugua mpaka katikati ya vidole. Mbu wakanikimbia. Nilishukuru sana, Mungu ananijua.

Kisha nikafuata kanuni. Nikafuta boneti kwa tina, paa, fenda zote mbili, buti. Halafu nikapitisha kiganja kitupu, polepole, kila mahali, toka mwanzo hadi mwisho. Sikuruka hata inchi moja.

Nikaanza kupuliza. Oiva alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. "Uko mbali. Sogea. Sasa unakimbia, punguza." Nilishangaa anaonaje kutoka kule. Rangi ilitoka, na nakiri kwamba moyo ulinipasuka kwa furaha. Ilikuwa ya machungwa yaliyoiva hasa, ikalala juu ya boneti imeloa na kung'aa, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nikaelewa mtu anaweza kulipenda gari.

Halafu ikaanza kujikimbia. Kwanza kishimo kimoja, nikadhani mbu ametua. Kikaja cha pili, cha kumi, mia, rangi inajivuta pembeni na kuacha praima, ile rangi ya chini ya kijivu, ikichungulia katikati, kama maziwa yanayokatika jikoni. Nilirudi nyuma hatua moja nitazame. Vishimo vile vilikuwa vimejipanga. Vilikuwa viganja vyangu, vidole vitano vitano, vimeburuzwa boneti nzima, vimepanda paani, vimeshuka fendani, kila nilipopita kwa makini kama nilivyofundishwa. Nikanusa mkono wangu. Ulinuka dawa ya mbu, na rangi haikamati juu ya mafuta.

"Mbona umesimama?" Oiva akauliza.

"Nakaza mpira wa hewa."

"Inang'aa?"

"Kama kioo," nikasema.

Nikaendelea kupuliza. Najua ni upumbavu, lakini ningeacha angejua, kwa hiyo nilipuliza rangi ya Sulo juu ya viganja vyangu mpaka kopo likaisha, machozi yananilowesha barakoa. Na huku napuliza nilikuwa napanga. Nitamwambia asisogee mpaka ikauke. Nitazua sababu, nitalifunika turubai. Nitapiga msasa upya, nitatafuta mtu wa kuchanganya rangi hata Helsinki. Bado kuna mwezi wa saba. Bado kuna wa nane. Ataiona, hata kama ni siku ya mwisho ya kitundu chake.

Nilipozima kompresa alikuwa ameshainuka anakuja.

"Usisogee, mbichi hiyo!"

"Nimepaka malori mia tisa, unanifundisha rangi mbichi?" Akaja akihesabu hatua zake, akasimama karibu kabisa na ubavu wa gari, mikono nyuma. Akainamisha kichwa upande, kama alivyozoea kukitafuta kile kitundu chake cha kuonea. Nikafumba macho. Kwa umbali ule hata mtu mwenye kitundu kidogo kama cha sindano angeona aibu ile.

Alitazama muda mrefu.

"Nzuri," akasema. "Imetoka kama ile ya kwanza. Na mlango wa dereva ndio umetoka vizuri kuliko vyote, Tellervo. Hakuna hata tone lililoteremka."

Gari halikuwa na milango. Jana yake, yeye akiwa kituo cha afya kuchukua dawa za matone, mimi na Kalervo tuliifungua ili ipakwe peke yake, tukaitundika kwa waya kwenye fremu ya kung'utia mazulia. Ilikuwa bado inaning'inia pale nyuma yake, ya kijivu, haijaguswa. Mbele yake palikuwa na tundu tupu, na ndani yake unaona hadi upande wa pili, hadi rundo la kuni.

"Oiva," nikamwambia, "mlango uko wapi?"

Alisikia sauti yangu akajua. Mabega yake yalishuka kidogo tu.

"Tangu lini?"

"Tangu barafu iondoke."

"Mwezi mzima!"

"Mwezi na siku tatu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungeacha," akasema.

Nilitaka kumpiga, kusema kweli. Nilifikiria mabega yangu, ile miezi niliyoihesabu, na ziwa lililotulia, kumbe alikuwa anasikiliza kama mawimbi yanagonga gati. Nilikuwa nashindana na kitu kilichokwisha kunishinda, na mwamuzi alikaa kwenye kigoda ananiambia nirudie. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli. Ningeacha siku ile ile. Ningetupa msasa ziwani na ningeshukuru.

"Sasa ilikuwa ya nini?" nikamwuliza. "Kama huioni, ilikuwa ya nini?"

"Nilitaka iishe. Na wewe ulikuwa unanieleza kila siku tutakavyoitazama." Akatafuta maneno. "Nilipenda kusikia."

Basi nikamwambia na langu. Nikamwambia imeharibika yote, boneti, paa na fenda, hakuna mahali palipopona. Alitoa mkono mmoja nyuma ya mgongo, nikamwongoza, akaulaza kwenye fenda, juu ya rangi mbichi. Vidole vyake vikaanza kutembea. Vikaingia kwenye kishimo, vikatoka, vikaingia kingine, vikafuata mstari.

"Huu ni mkono."

"Wangu. Dawa ya mbu."

Nilingoja anitukane, ingekuwa haki yake.

"Kule chumbani hapakuwa na mbu," akasema hatimaye. "Miaka thelathini na moja, hata mmoja. Sikufikiria kukuambia." Kiganja chake kilikuwa kimelala juu ya changu, kimekifunika chote. "Kopo?"

"Limeisha."

"Sulo angetutukana."

"Angetutukana, ndiyo."

Chavua ya misonobari ilikuwa imeanza kushuka, ya njano, inatua juu ya rangi na kunasa. Sikuleta turubai. Nilimkalisha kwenye ngazi ya sauna, nikachukua kitambaa na tina iliyobaki, nikaanza kumfuta mkono, kidole kimoja kimoja. Rangi ilikuwa imeingia kwenye mistari yote ya kiganja na chini ya kucha. Alinyoosha tu mkono wake mbele, uso ameuelekeza kwenye ziwa, anasubiri.

"Imetoka?" akauliza.

Nilitaka kusema imetoka. Nikatazama kiganja chake.

"Bado. Ya machungwa mpaka kwenye kifundo."

"Iache, basi," akasema.

Nikafunga chupa ya tina, nikamshika mkono ule ule, tukaingia ndani kula viazi.