Mikono ya Peiyao

Naibu Mkuu wa shule yetu, Bao, aliingia darasani kwangu na selotepu mkononi.

"Mwalimu Tan, wakaguzi wa wilaya wanakuja kesho kuangalia jaribio la kuzungumza. Hawa watoto wako wakiongea Kiingereza wanapunga mikono kama wanafukuza nzi. Aibu gani hii? Wafunge mikono."

Nilidhani anatania. Bao hatanii.

Mikono ile niliifundisha mimi. Kichina chetu kila neno lina kupanda na kushuka kwake, kwa hiyo watoto wakikamata Kiingereza wanagonga kila neno nyundo, na swali linatoka kama amri. Nikawaambia: mkono uichore sentensi hewani, sauti itaufuata. Ukiuliza, mkono upande. Ukimaliza, ushuke taratibu. Peiyao, binti wa mama anayeuza tambi za mchele getini, ndiye aliyeshika kuliko wote. Mkono wake ukipanda, hata mimi naacha kazi nasikiliza.

Na jaribio lile si mchezo. Alama inatoa mashine, kompyuta inayosikiliza sauti tu, na anayepata chini ya ishirini katika thelathini anahamishiwa darasa la nyuma, kule karibu na vyoo, ambako hakuna mwalimu anayehangaika kumwandaa mtu kwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu.

"Naibu, wataanguka," nikasema.

"Mashine haina macho, mama. Wakaguzi wanayo."

Basi kesho yake nikawafunga. Mimi, kwa mikono yangu hii. Nilipomzungushia Peiyao selotepu mikononi, chini ya meza, alininong'oneza, "Mwalimu, nisipoinua mkono sauti haiji."

"Jikaze, mwanangu." Khaa! Jikaze! Neno gani lile la kumwambia mtoto niliyemfunga mwenyewe?

Wakaguzi walipita nyuma yao wakisifu utulivu. Peiyao akasoma mbele ya kompyuta neno moja moja, kavu, vidole vikitapatapa kwenye selotepu. Mashine ikampa kumi na mbili; wenzake walipenya kwa taabu.

Nilimkimbilia Bao koridoni. "Nimfungue arudie! Mara moja tu, utasikia mwenyewe."

"Mashine imeshasema," akajibu, huku anachokonoa meno. Akakitazama alichokitoa, akakirudisha mdomoni. Loo, nilimwona uchafu mtupu! Nami nikajiona uchafu kumzidi, maana yeye alitoa amri tu. Kufunga nilifunga mimi.

Jumatatu kiti cha Peiyao kilikuwa kitupu; ameshapelekwa kule karibu na vyoo. Mama yake alikuwa getini kama kawaida, akanipa bakuli langu la tambi bila kuniangalia usoni. Nikaliacha pale getini bila kuligusa. Nikaingia darasani, nikaandika swali ubaoni.

"Haya, mikono juu, tuanze."

Watoto arobaini na wanne walinitazama, kisha wakaikalia mikono yao. Bao hakuwepo, wala hakuna aliyewaambia. Wakalisoma lile swali pamoja, neno moja moja, bila kupanda wala kushuka.

"Vizuri," nikasema.