Upande Mlango Ulikoangalia

"Hii umeandika ni kama barua ya chifu," Muringo alisema, akairudisha karatasi kwenye mapaja ya Wayua. "'Kwa heshima na taadhima, mimi niliyetajwa hapo juu.' Hapo juu wapi? Wewe uko hapa kwa nyasi, unakula githeri."

Wayua alicheka kidogo, ingawa moyo wa kucheka hakuwa nao. Walikuwa nje ya ua wa kiwanda, Athi River, na kengele ilikuwa karibu kulia. Kwa miaka saba alikuwa ameshona kola za mashati na si kingine. Shati zima aliliona likiwa limevaliwa na watu mjini. Muringo alikaa mashine iliyofuata. Alikuwa mtu wa Murang'a na Kithyoko, kwao Wayua, hakuwahi kufika hata kwa ndoto.

Karatasi ile ilihusu shamba la mama yake Wayua. Walihama Kithyoko wakati wa njaa ya themanini na nne, Wayua akiwa na miaka kumi, nyumba ikaanguka na vichaka vikafunika kila kitu. Sasa, mwaka wa 2001, mama alitaka kurudi. Jirani wa zamani, mzee Kilonzo, aliiambia kamati ya mashamba kwamba pale hapajawahi kukaa mtu, na afisa akaagiza kila upande ulete maelezo kwa maandishi. Kusema mbele ya wanaume Wayua hakuweza, sauti ilimkauka. Alibaki na kalamu, nayo pia aliiogopa.

"Sasa niambie kama mtu," Muringo alisema. "Mlango ulikuwa unaangalia wapi?"

"Mto. Tana. Lakini hauoni maji, unasikia tu harufu yake mvua ikianza."

"Na ukiingia?"

"Kwanza unapita jiwe ya kusaga, iko nje, kushoto. Ilikuwa nzito, hatungeweza kuibeba. Mwaitu, mama yangu, alikuwa anapiga magoti hapo asubuhi, mimi naegemea mgongo yake, nasikia mtama ikisagika ndani yake..."

"Andika hiyo."

"Hiyo si maneno ya ofisi."

"Ofisi iko na maneno yao. Wewe andika hiyo."

Wiki nzima aliandika saa ya chakula. Sentensi ya kwanza aliifuta mara nne. Ya pili ilikuja yenyewe. Aliandika njia ya kutoka mtoni, mwamba mweupe ambao watoto waliteleza juu yake hadi nguo zikatoboka, hatua arobaini za kupanda hadi mlangoni. Alipokosa neno alifumba macho akatembea tena, na neno alilikuta huko. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa na vitu vingi hivyo. Hata hivyo, alipomaliza, aibu ilimshika: kurasa nne, na hakuna taadhima hata moja.

Jumamosi, kule Kithyoko, afisa Wambugu alisoma kwanza maelezo ya Kilonzo. Yalikuwa mistari sita na muhuri. Kisha akafungua ya Wayua. Alisoma kimoyomoyo, akakunja uso, akaanza kutembea.

"Mwamba mweupe ni huu?"

Kamati ikamfuata, pamoja na Kilonzo na Mutanu, mama yake Wayua. Wayua alikuja nyuma kabisa, akitamani ardhi immeze. Afisa alihesabu hatua kwa sauti, karatasi mbele ya macho, miiba ikimvuta suruali. Kwenye arobaini alisimama.

"Kushoto kwa mlango," alisema. "Chimbeni hapa."

Jembe liligonga kitu. Wakaondoa udongo kwa mikono, na jiwe likatokea, limelika katikati kwa kusaga. Mutanu alipiga magoti bila kuambiwa na mtu. Wayua alilia waziwazi, mbele ya wanaume wote.

"Jiwe ni jiwe," Kilonzo alisema. "Mtu anaweza kupita hapa aiache. Hiyo si kusema alikaa."

Wanakamati wakatazamana. Mmoja alisema mzee ana neno. Wambugu alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma kwa sauti. Ilikuwa asubuhi ya kuhama. Punda alikuwa amefungwa mizigo, mama hataki kugeuka nyuma, na kuku mweupe, wa mwisho aliyebaki, akachomoka mikononi mwa mtoto akakimbilia kwenye makonge ya jirani. Mtoto aliita mpaka baba yake akamvuta mkono. Ukurasa uliishia hapo, na afisa akaugeuza kutafuta zaidi. Nyuma palikuwa patupu.

"Haikuwa nyeupe yote," Kilonzo alisema.

Kila mtu alimgeukia. Mzee alikuwa ametazama chini, kofia mkononi.

"Ilikuwa na doa kwa shingo. Ilitaga kwangu, watoto wangu wakakula mayai mpaka mvua ikarudi." Aliigeuza kofia. "Kama unaandika, mwiitu, binti wa Mutanu, andika vizuri."

Wambugu alimpa Wayua ule ukurasa, kisha kalamu yake mwenyewe. Wayua alijifuta machozi, akachuchumaa, akaweka karatasi juu ya goti na kumtazama mzee usoni.

"Doa ya rangi gani, mzee?"