Nyota Iliyoficha Kitu Upindoni

Sisi tunaokesha na darubini, ndoto zetu huja mchana. Yangu ya jana ilinijia saa nane, jua likiwa limeshika bati la nyumba ya wafanyakazi, nami nimelala na viatu.

Alfajiri ya siku hiyo darubini yetu ilikuwa imenasa mwanga mpya katika galaksi ya mbali: nyota iliyolipuka, supanova. Tuliuchambua mwanga ule ukawa mkanda wa rangi wenye mistari myeusi hapa na pale. Kila elementi huacha mstari wake, na kwa mistari hiyo ndipo tunapojua ni nyota ya aina gani iliyokufa. Lakini mkanda huu ulijaa chengachenga, kama televisheni isiyoshika vizuri. Daktari Mwandoe, mkuu wetu, aliutupia jicho akasema, "Aina ya Kwanza A hiyo. Andika, Saru, tutume. Wenye darubini kubwa wanatusubiri."

"Naomba unipe mpaka saa kumi, Daktari," nikamwambia.

Sikumweleza kwa nini. Mwezi uliopita niliuandika mwanga mmoja kuwa si kitu, hakuna aliyeutazama tena, ukafifia. Ilikuja kujulikana kwamba ulikuwa mlipuko ambao huonekana mara chache mno. Tangu siku ile siandiki kitu kabla ya kukitazama mara mbili.

Basi nikalala, nikaota.

Niko kwenye ofisi ya kuandikisha watu. Kwenye mabenchi wamekaa nyota waliokufa, kimya, kila mmoja na bahasha yake. Kuingia ndani unapita kwenye ufa wa ukutani mwembamba kama ukingo wa karatasi. Napita kiubavu. Siumii.

Nyuma ya dirisha ameketi Prizimu, kile kipande cha kioo cha pembe tatu kinachotenganisha rangi za mwanga. Amevaa miwani.

"Umechelewa," ananiambia. "Keti hapa, gonga mihuri."

"Sheria zikoje?"

"Mwenye haidrojeni ni Aina ya Pili. Asiye nayo ni Aina ya Kwanza, na huyo akiwa na silikoni ni A. Tunawapekua."

Anapekuliwa mzee mmoja mrefu kupita kiasi, mwekundu kama pilipili. Haidrojeni yake ameibeba kwenye dumu la lita ishirini.

"Mbona mwekundu hivyo, mzee?" nauliza.

"Natoka mbali, mwanangu. Safari imenivuta, na mwanga ukivutwa huwa mwekundu."

Prizimu anamkunja kama mkeka mpaka anarudia kimo chake, na wekundu unamtoka. Namgongea Aina ya Pili. Ananishukuru, anaondoka na dumu lake.

Anayefuata ni mama aliyejifunga kanga nyeupe. Namtambua pale pale, kama unavyomtambua ndugu yako sokoni: ni ule mwanga wangu wa alfajiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uliza upesi. Zimenibakia siku chache za kung'aa, na kila swali linakula kadhaa."

Naona ni utaratibu wa kawaida tu.

"Una haidrojeni?"

Anafifia kidogo. "Nilikuwa nayo. Tulikuwa nyota wawili tukizungukana. Mwenzangu alinivua yote, nikabaki kama mtu aliyenyang'anywa koti."

"Na silikoni?"

Anafifia tena. "Huo mstari mnaouona ni uchafu wa safari."

Hapo namsikia Daktari Mwandoe. Amekuwa muhuri, amekaa juu ya kidau cha wino na tai yake shingoni. "Nigonge, Saru. A. Watu wanasubiri."

"Subiri kidogo, Daktari."

Ofisi haipo tena. Tuko jikoni kwa mama yangu, kule Mgange, na Prizimu anakoroga uji. Nyota wamepanga foleni mpaka nje kwenye migomba. Mgeni wangu amebaki mwekundu hafifu, kama kaa linalokaribia kuzimika.

"Umebakiwa na swali moja," anasema. "Usinifanyie ulivyomfanyia dada yangu mwezi uliopita."

Nataka kuuliza nilimfanyia nini. Najiziba mdomo kwa mkono, maana hilo nalo lingekuwa swali.

Anaelewa. "Hukumuuliza chochote," anasema taratibu. "Ulimtazama mara moja, ukaandika."

Machozi yananitoka. "Nisamehe, mama."

Prizimu anaacha mwiko. "Kuomba msamaha hakuhesabiwi," anatangaza, kisha anaendelea kukoroga.

Navuta pumzi. "Mama, umebeba nini ambacho sisi hatujakiona?"

Anatabasamu. Anainama, anafumua upindo wa kanga yake uzi mmoja baada ya mwingine. "Heliamu," ananong'ona. "Kidogo tu. Watu huidhani chengachenga."

Heliamu ndiyo ile gesi ya kujazia baluni za harusi, ambayo watoto huivuta ili sauti zao ziwe nyembamba. Nainamia upindo, naivuta puani kwa nguvu. Haina harufu.

"A!" anapiga kelele Daktari.

Namgeuza juu chini. Chini ya viatu vyake imechongwa B. Namgonga kwenye cheti kwa nguvu zangu zote: Aina ya Kwanza B, ya wenye heliamu. Mama anakipokea cheti kwa mikono miwili, anakisoma mpaka mwisho, kisha anazimika.

Simu ilikuwa ikilia. Niliipokea nikiwa bado nimefumba macho.

"Saa kumi hiyo, Saru," akasema Daktari Mwandoe. "Niandike A?"

"Hapana, Daktari. Ni B. Tazama kushoto kwa ule mstari tuliouita silikoni. Ile chengachenga ni heliamu."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha kiti kikilia.

"Ipo," akasema hatimaye. "Na mistari yake mingine miwili ipo. Tulikuwa tunakwenda kutuma uongo dunia nzima." Akakohoa. "Nimekuelewa, Saru, na ahsante. Lakini hebu niambie, kwa nini unaongea kama kifaranga?"