Mgonjwa Namba Kumi na Saba

Mzee alilia mara moja tu, kwenye korido ya hospitali, na mara hiyo moja ilimtosha mkewe.

Ilikuwa siku ya kwanza ya utafiti wa ugonjwa wa kusahau. Nesi alimsomea maneno matano, akampa karatasi achore saa, kisha akamwomba ayataje yale maneno. Saa aliichora vizuri, maana alikuwa fundi saa miaka arobaini, na mikono ya fundi haisahau upesi. Lakini maneno hakukumbuka hata moja. Alitoka chumbani akaegemea ukuta, akalia kama mtoto aliyefukuzwa shule.

Waliingia kwenye utafiti ule kwa ajili ya mjukuu wao. Binti alikuwa anasomea udaktari, si ule wa kutibu watu bali ule wa kuchunguza, na babu yake alimwita Daktari wa Panya kwa sababu mwaka wa kwanza alishinda na panya wa maabara. Alipoulizwa anachunguza nini hasa, aliwaeleza vizuri mpaka Bibi akaelewa.

"Kwenye ubongo kuna seli zinazofikiri, hao ndio maharusi, kila mtu anawatazama. Halafu kuna seli zinazowahudumia. Zinawalisha, zinafagia uchafu. Mimi nawasoma wapishi na wafagiaji. Maana ugonjwa huu ukiingia, wafagiaji wanacharuka, wanafagia hata vyombo vizima."

"Hata sisi tuliwahi kuwa na mfanyakazi wa hivyo," Mzee alisema.

Kila baada ya miezi mitatu Mzee alitolewa damu na kuulizwa maneno. Damu ilikwenda maabara na namba tu, bila jina, ili mjukuu na wenzake wasijue ni ya nani. Kwa kuwa Mzee aliogopa kubaki peke yake na nesi, Bibi aliruhusiwa kukaa pembeni. Hapo ndipo alipogundua kwamba orodha za maneno zilikuwa tatu tu, zikizunguka kwa zamu. Akazikariri zote.

Asubuhi ya siku ya hospitali, akimvisha viatu, alimfundisha.

"Kiatu, asali, dirisha, tembo, shoka. Sema, baba watoto."

"Kiatu, asali, tembo..."

"Dirisha kwanza. Tembo atapita wapi?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na tangu hapo dirisha halikumpotea tena siku hiyo. Njiani walirudia, na mlangoni walirudia. Nesi alimsifu, Mzee akatoka kifua mbele. Bibi hakuona kama ni udanganyifu. Aliona ni sawa na kumfunga vifungo vya shati.

Ikapita miaka miwili. Jumapili moja mchana mjukuu alikuja na kompyuta yake, uso umemng'aa.

"Bibi, njoo uone maajabu."

Kwenye kioo kulikuwa na vidoa vingi vikiteremka upande mmoja, kama mbuzi wanaokwenda kunywa maji.

"Hawa ni wagonjwa wetu. Damu ikionyesha wafagiaji wamecharuka, kumbukumbu inashuka. Wote ni hivyo, isipokuwa huyu." Aligusa kidoa kimoja kilichobaki juu peke yake. "Damu yake ni mbaya kuliko ya wote, lakini maneno anayakumbuka. Kuna kitu kinamlinda, Bibi! Miezi minane nakuza seli kwenye visahani, naziwekea majimaji ya damu yake, nakitafuta. Sura nzima ya tasnifu yangu ni huyu. Wiki ijayo naiwasilisha mbele ya maprofesa."

"Ni nani huyo?"

"Hata mimi sijui. Namba kumi na saba tu."

Kadi ya utafiti ilikuwa kwenye mkoba wa Bibi. Hakuwa na haja ya kuitoa. Kila ziara ni yeye aliyemkabidhi nesi.

Kwa muda mfupi, na jambo hili hakumwambia mtu, Bibi aliamini. Aliwaza, huenda kweli kuna kitu kinamlinda mume wangu, na yale mafunzo yangu ni nyongeza tu. Akageuka kumtazama. Mzee alikuwa kwenye kochi, amevaa soksi juu ya soksi, anatafuta mguu wa kuvisha soksi ya tano.

"Mwanangu," Bibi alisema, "huyo ni babu yako. Na hakuna kinachomlinda. Ni mimi."

Binti hakuelewa. Bibi akamweleza, polepole, bila kujitetea.

"Maneno yote?"

"Yote kumi na matano."

"Tangu lini?"

"Tangu alipolia."

Bibi alingoja kugombezwa. Angalau hilo lingempunguzia mzigo. Binti alifunga kompyuta, akaenda kupiga magoti mbele ya kochi, akaanza kumvua babu yake soksi za juu, moja moja.

"Babu nawe, baridi hii umeitoa wapi?"

"Daktari wa Panya!" Mzee alifurahi kumtambua. "Panya hawajambo?"

"Hawajambo, Babu."

Baadaye alimpigia simu profesa wake, na Bibi akasikia kila kitu kutoka jikoni. Ndiyo, alama zake zote ziondolewe. Ndiyo, na sura yote. Hapana, familia haina kosa. Orodha tatu zilikuwa chache mno, tulipaswa kujua. Kuwasilisha kukasogezwa mbele mwaka mzima.

"Umenibebea kosa langu," Bibi alimwambia.

"Ulikuwa unamfariji, Bibi."

"Basi niambie kweli. Kwenye hivyo visahani hukuona chochote cha kumsaidia?"

"Sikuona."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Bibi. Wala wenzangu hawajaona."

Profesa alikubali Mzee aanze upya, kwa orodha mpya, na mkewe akae nje. Siku ilipofika nesi alimvutia Bibi kiti karibu kabisa na mlango, na mlango akauacha wazi kidogo, ili Mzee asijione ametupwa. Kwa hiyo Bibi alisikia maneno yakisomwa. Alisikia kalamu ikichora saa, ikisimama, ikichora, ikisimama kwa muda mrefu.

"Sasa, Mzee, yale maneno matano."

Kiti cha Mzee kilikwaruza sakafu.

"Hakuna haraka, Mzee wangu," nesi alisema kwa upole.

"Mama watoto!" Mzee aliita. "Mama watoto, uko wapi? Niambie!"

Bibi alikuwa anayakumbuka yote matano. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akauma midomo.

"Niambie basi!"